Spini na Myumbo: Maoni Kuhusu Istilahi za Fizikia ya Metali

Sisi wanaistilahi tuna mazoea ya kuipa dhana ngeni neno la Kibantu, kisha tukaamini kwamba kazi imekwisha. Tulichukue neno "mzunguko", ambalo ndilo humjia mtu kwanza anapotafsiri spini ya elektroni. Uhlenbeck na Goudsmit walipoitoa dhana hiyo mwaka 1925, waliifikiria elektroni kama pia inayojizungusha. Taswira hiyo haikudumu: spini ni sifa ya asili ya elektroni, wala hakuna kinachozunguka. Mwanafunzi aliyepata kuniuliza ni nani azizungushaye elektroni hizo hakuwa mjinga. Alipotoshwa na neno letu.

Madhara yake hudhihirika zaidi katika metali zenye usumaku dhaifu. Mwaka 1958 Matthias na Bozorth waliripoti kuwa kampaundi ya zirkoni na zinki, ZrZn2, ina usumaku, ilhali zirkoni si sumaku na zinki si sumaku. (Mabubu wawili wamezaa mwimbaji!) Usumaku huo hutoweka kwenye kelvini 28 hivi, yaani takriban nyuzi 245 za Selsiasi chini ya sifuri. Nadharia ya Stoner ya mwaka 1938, iliyoiweka kila elektroni katika uga wa wastani tu, hubashiri kwa metali za namna hii kiwango cha joto kilicho juu mno. Mwaka 1973 Moriya na Kawabata walieleza kasoro iliyopo: spini za metali hizo hazitulii, bali hupanda na kushuka kwa pamoja, na hali hiyo huudhoofisha usumaku mapema.

Tuiiteje hali hiyo? Wapo watakaosema "mtikisiko". Lakini "tikisika" hutokana na "tikisa", kwa hiyo hudai mtikisaji. Joto laweza kuwa mtikisaji. Hata hivyo, kwenye sifuri halisi, ambako joto halipo, spini bado hazitulii, kwa kuwa kanuni za kikwanta haziruhusu utulivu kamili. "Yumba" ni kitenzi kisicho elekezi tangu shina lake; anayetaka mtendaji hana budi kuunda "yumbisha".

Tunapendekeza basi "miyumbo ya kikwanta ya spini", na "mitikisiko" ibaki kwa ile isababishwayo na joto. "Spini" tumeikopa kwa sababu hatuna kifani chake. "Myumbo" tunao, na kuukopa ungekuwa uvivu. Wanafizikia wakiona dosari, na watuandikie kabla maneno haya hayajaingia kamusini.