HIARI YA NANI?

Mimi ni kijana wa Karatu, na nina ugomvi na neno moja: hiari.

Nililijua nikiwa darasa la tano. Mwalimu alitangaza mchango wa hiari wa madawati. Kesho yake, tusioleta tukarudishwa nyumbani. Bibi akacheka: "Mjukuu wangu, hiyo ndiyo hiari. Ya lazima ungekula na viboko."

Bibi aliuona ujamaa. Mwaka 1968 Nyerere alisema mtu asilazimishwe kuingia kijijini. Novemba 1973 akasema kuishi vijijini ni amri, na malori yakaja. Jambo moja nampa: hiari ilipokwisha, hakuendelea kuiita hiari.

Sasa panda nami hadi lango la Lodoare. Ndani yake wanaishi Wamasai ambao wazee wao walitolewa Serengeti, na mwaka 1959 wakaambiwa Ngorongoro ndiyo makao. Tangu Juni 2022 wanahamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari: kuna nyumba, shamba na fidia. Wako waliokubali, wala siwabezi. Lakini aliyebaki je? Kulima marufuku. Mwaka huohuo wa 2022, fedha zilizotengwa kwa shule za Ngorongoro zikapelekwa Handeni. Agosti 2024 likatoka tangazo la kufuta vijiji, watu wakafunga barabara, hadi Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha.

Bwana wee! Ukimwezulia mtu paa, mvua ikanyesha, akaja kwako, utasema amekuja kwa hiari?

Najua utanijibu: watu wameongezeka mno, na wanyama je? Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Basi isemwe kwa jina lake: lazima. Lazima huulizwa maswali: kwa sheria gani, kwa fidia gani, nani atajibu? Hiari haiulizwi kitu. Ndiyo maana wakubwa wanaipenda.

Waandishi wenzangu, sisi mtaji wetu ni maneno. Kabla hujaandika "kwa hiari," mtafute aliyesema hapana, uone anaishije. Kama hapana yake imemgharimu shule na kijiji, kalamu yako isiandike hiari.

Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Hawakusema utumwa ubatizwe jina la hiari.