Wali Mtupu Haujengi Askari

Wahandisi wa jeshi la Japani waliotumikia Umoja wa Mataifa hapa Juba, mwaka 2012 hadi 2017, walitengeneza barabara. Twaweza kujifunza pia kutoka chungu chao. Katika karne ya 19 mabaharia wa Japani walishiba wali mweupe mtupu, na wengi wakaugua beriberi. Daktari Takaki Kanehiro aliwaongezea nyama na shayiri, maradhi yakatokomea. Hadi leo wanamaji wao hula wali kwa mchuzi wa bizari kila Ijumaa.

Ndugu askari na polisi, twajua mfuko ni mwepesi. Lakini mrudipo nyumbani kutoka lindoni, wali wenu usikose maharagwe, karanga au samaki wa mto Nile. Chakula hicho hutuliza moyo, tena huimarisha mwili. Mlinzi dhaifu hamlindi mtu.