Jamaa: neno lisilo la kabila moja

Vijana wapendwa, kila siku twasema «huyu ni jamaa yangu», na mara nyingi twataka kusema kwamba yule mwingine siye. Yafaa tujue neno hili limetoka wapi na limepita katika njia zipi.

Kiswahili kililiazima kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni kundi la watu waliokusanyika, hata kama si wa damu moja. Shina hilo ndilo lililotupatia pia jamii, jumuiya na Ijumaa, siku ya kukusanyika. Lugha nyingine nazo zililipokea, kila moja kwa namna yake. Kwa Waturuki, cemaat ni waumini waliokusanyika msikitini. Huko Indonesia limezaa maneno mawili: jemaah kwa kawaida ni ya Waislamu, jemaat ni ya Wakristo. Katika pwani ya Afrika Mashariki lilisogea upande wa nyumba, likawa watu wa ukoo. Mjini Nairobi, jamaa aweza kuwa mwanamume yeyote apitaye njiani. Nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere alilitolea ujamaa, jina la siasa iliyowekwa wazi katika Azimio la Arusha mwaka 1967.

Kwetu Kolwezi lilipata maana nyingine tena. Mwaka 1953, kati ya wafanyakazi wa Union Minière, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na watu wa ndoa, waume kwa wake, walianza chama kilichoitwa Jamaa. Waliitana baba na mama, wakafundishana juu ya uzima, uzazi na mapendo. Wachimba shaba wale walitoka katika makabila mengi, wala hawakuwa na babu mmoja. Kwa kulichukua neno la ukoo na kuwapa watu wasio wa ukoo, walilirudisha karibu na maana yake ya kwanza.

Lakini miaka 40 baadaye, mnamo 1992 na 1993, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na hapa Kolwezi, wakalala kwenye vituo vya reli wakingoja treni. Waliofukuza na waliofukuzwa walisema Kiswahili kimoja, na wengi wao walisali katika kanisa moja. Neno jamaa lilikuwa limefungiwa tena ndani ya kabila.

Wengine watasema kwamba asili ya neno haimfungi mtu, kwa kuwa maana hutoka kwa wale wanaolitumia. Ni kweli, na ndiyo sababu tunawaandikia ninyi. Leo tena migodi inaleta wageni, na tena twasikia ikisemwa: «Hawa si jamaa zetu.» Msemaji wa maneno hayo akiwa katika kundi lenu, msinyamaze. Maana ya neno hili kwa watoto wetu itategemea mtakavyolitumia ninyi.