KAMBI YA ZIWANI IANZE NA CHOO



Kila kiangazi wageni kutoka nchi za mbali huja kulala katika mahema kwenye Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hapo jirani kwetu, njia ya kwenda Mpanda. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974. Ndani yake yamo Ziwa Katavi na Ziwa Chada, maziwa ambayo kiangazi hupungua yakabaki nyasi na tope, na viboko wakasongamana katika madimbwi ya mto Katuma. Ni mahali pa kimya. Usiku husikii gari wala redio. Mgeni hulipa fedha nyingi ili apate kimya hicho.

Lakini tuangalie jinsi anavyolala. Hapigi hema popote apendapo, bali mahali palipotengwa. Maji ya kunywa amekuja nayo. Chandarua anacho. Jua likizama hatembei ovyo, kwa sababu kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani. Taka zake haziachi. Na kama mbung'o wamemwuma kisha akapata homa, humweleza daktari kwamba alikuwa Katavi, maana mbung'o huweza kuleta malale.

Maji ya Katuma yakishapita Ziwa Chada hufuata mto Kavuu na kuishia Ziwa Rukwa. Huku kwetu bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, wako pia watu wanaolala kando ya maji hayo. Hao si watalii. Ni waume zetu, kaka zetu na vijana wetu wa Muze na vijiji vya jirani, pamoja na wengine walioshuka kutoka Ufipa juu kutafuta riziki ya samaki. Mtalii hulala siku mbili tatu akiwa na tahadhari zote. Mvuvi hulala wiki nyingi katika kibanda cha nyasi, na mara nyingi hana hata tahadhari moja. Je, uhai wa mtalii una thamani kuliko wa mvuvi? Sisi tunasema hapana.

Ugonjwa tunaouogopa kuliko yote kambini ni kipindupindu. Mlipuko ulioanza nchini mwezi Agosti 2015 na kuendelea hadi mwaka 2018 uliwapata watu zaidi ya 30,000, na zaidi ya 500 walifariki. Mkoa wetu wa Rukwa nao uliguswa. Ugonjwa huu hauna siri: kinyesi cha mgonjwa kinaingia katika maji, maji yanaingia katika kinywa cha mzima. Asidhani mtu kwamba maji ya Ziwa Rukwa, kwa kuwa yana magadi, yanaua vijidudu hivyo. Kinyume chake, vijidudu vya kipindupindu hustawi katika maji ya namna hiyo.

Na mvuvi akiugua, haugui peke yake. Anarudi nyumbani. Mama anafua nguo zake, watoto wanakula naye sahani moja. Hivyo choo kinachokosekana ziwani ni hatari kwa jikoni ya Muze, na hata ya Sumbawanga mjini.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Musa anawaagiza Waisraeli wawe na mahali pa haja nje ya kambi, na kila mmoja awe na kifaa cha kuchimbia na kufukia, kwa kuwa Mungu anatembea katikati ya kambi yao. Kwa hiyo usafi wa kambi si mambo ya Bwana Afya peke yake. Ni heshima kwa Mungu na kwa jirani.

Wako watakaosema: "Ufukweni mchanga unabomoka, na shimo linajaa maji." Ni kweli. Ziwa letu lina kina kifupi, na ufuko wake husogea mbele na nyuma. Basi choo kisichimbwe ufukweni. Kichimbwe nyuma, mahali palipoinuka, si chini ya hatua 40 kutoka majini, na kuta za shimo zizuiwe kwa fito zilizosukwa au pipa bovu. Anayelala usiku mmoja au mbili tu, afanye kama Waisraeli: jembe, shimo, na kufukia.

Wako pia watakaouliza, nani atakichimba? Maoni yetu ni haya: mwenye mtumbwi na nyavu ndiye anayechukua sehemu kubwa ya faida, basi yeye ndiye aanze. Kabla hajapeleka vijana ziwani, ahakikishe kuna choo, kama anavyohakikisha kuna nyavu. Anayenunua mtumbwi hashindwi kununua pipa.

Akina mama, ninyi ndio mnaofunga mizigo ya safari. Pamoja na unga na chumvi, tieni vitu hivi:

1. Ndoo yenye mfuniko na sufuria ya kuchemshia maji. Maji yachemke kabisa. Kuni zikikosekana, tumieni vidonge vya kutibu maji. Au maji yaliyotulia na kuwa maangavu yawekwe katika chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zilale juani saa sita. Siku ya mawingu zikae siku mbili.

2. Chandarua chenye dawa. Waliotoka Ufipa juu, kwenye baridi, hawajazoea malaria ya bondeni, nao huugua vibaya. Chandarua ni cha kulalia, si cha kuvulia dagaa.

3. Sabuni, na pakiti chache za ORS. Pakiti zikiisha, changanyeni lita moja ya maji salama na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama maji ya mchele, aanze kunywa mchanganyiko huo papo hapo, na apelekwe zahanati bila kusubiri asubuhi. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Aendelee kunywa akiwa njiani.

Mwisho, tunaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo. Tunawaombea wavuvi wetu, na ni vema. Lakini mwezi huu kila jumuiya yenye mtu ziwani iulize swali moja: "Kule kambini mnajisaidia wapi?" Jibu likiwa "porini" au "majini", VIWAWA wachukue majembe waende kusaidia kuchimba. Siku moja ya kazi inatosha.

Kimya cha ziwa ni zawadi ya Mungu kwa mtalii na kwa mvuvi pia. Tusikubali kivunjwe na kilio cha msiba tulioweza kuuzuia kwa jembe.