Bibi alishinda kwa kusoma polepole

KIBARAZANI
Na Zuhura Mbwana

Jumamosi mbili zilizopita, baada ya sala ya Isha, mama yangu mzazi alitushinda nyumba nzima katika jaribio ambalo wanasaikolojia hulitumia kupima wepesi wa akili. Ana miaka 72. Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na herufi za Kirumi huzisoma kwa kufuatisha kidole. Tangu usiku ule nimebadili mawazo yangu juu ya michezo ya video inayouzwa kwa jina la kunoa ubongo, na ningependa wazazi wenzangu wanisikilize kabla hawajaingiza mkono mfukoni.

Jambo lenyewe lilianza Desemba. Mtoto wa kaka yangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo na Nintendo Switch, akaiunganisha na televisheni ya sebuleni na kuweka mchezo uitwao Big Brain Academy: Brain vs. Brain. Ni mchezo uliotoka Desemba 2021, na watu hadi wanne wanaweza kuucheza pamoja. Maswali yake ni ya sekunde chache. Maputo yameandikwa namba, yapasue kuanzia ndogo kwenda kubwa. Picha ya mnyama inajitokeza kidogo kidogo kutoka kwenye ukungu, mtambue kabla ya mwenzako. Kizuri zaidi, kila mchezaji anajichagulia ngazi yake ya ugumu. Mwanangu wa miaka mitano alipewa maputo machache yenye namba ndogo, dada yake wa darasa la tano akapewa ya kumkunisha kichwa, na wote wawili wakawa wanashindana kweli, bila mkubwa kumwonea mdogo wala mdogo kubebwa.

Maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza, kwa hiyo binti yangu akawa mkalimani wa bibi yake. "Bibi, hapa wanataka ndogo kwanza." Mama akauliza, "Ndogo ipi, mjukuu wangu, mbona zinanikimbia?" Maputo yalimshinda kabisa. Lakini ilipokuja zamu ya wanyama, watoto walikuwa bado wanabishana kama ni mbuzi au ng'ombe pale mama alipopaza sauti: "Kondoo huyo!" Akawa amepatia. Akawaeleza wajukuu kwamba mbuzi mkia wake husimama, wa kondoo huning'inia, jambo ambalo watoto wangu, waliozaliwa na kulelewa Temeke, hawakuwahi kuambiwa na mtu. Kwa wiki tatu sikuisikia ile kauli ya "nimechoka, nakwenda kulala" kabla ya saa tatu usiku.

Kijana akarudi Muscat na mashine yake, watoto wakanuna. Nami nikafanya kile ambacho mzazi yeyote mwenye simu janja angefanya, nikaanza kutafuta mbadala. Programu ni nyingi mno. Nyingine hukata fedha kila wiki na kumaliza bando kwa matangazo, na karibu zote zinaahidi kwamba mtoto atakuwa na kumbukumbu bora na umakini wa hali ya juu, na kwamba mzee hatasahau.

Ahadi hizo zina historia, na inafaa kuijua. Mei 2005 kampuni ya Nintendo ilitoa huko Japani mchezo uliobeba jina na uso wa Ryuta Kawashima, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai. Mchezaji alitakiwa kila siku afanye hesabu 20 rahisi kwa kasi, asome maandishi kwa sauti na kukumbuka maneno, kisha mashine imtajie "umri wa ubongo" wake. Umri bora kuliko wote ni miaka 20. Mchezo ule uliuza nakala takriban milioni 19 duniani, na ndio uliofungua mlango kwa wafanyabiashara wengine wengi.

Wanasayansi walipozipima ahadi zenyewe, mambo yakawa tofauti. Mwaka 2010 Adrian Owen na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa watu 11,430 waliofanya mazoezi ya aina hii kwenye kompyuta kwa wiki sita. Kila kundi lilipiga hatua katika michezo lililoizoea. Walipopewa majaribio mengine, hata yale yaliyokaribiana sana na mazoezi yao, ustadi ule haukuwafuata. Januari 2016 kampuni ya Marekani iliyotengeneza Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo kuishtaki kwa kuwadanganya wateja kwamba michezo yake ingewasaidia kazini na shuleni na kuchelewesha kupotea kwa kumbukumbu uzeeni.

Sisemi kwamba hakuna faida yoyote. Upo utafiti mkubwa wa Marekani uitwao ACTIVE, wa wazee 2,832 waliokuwa na umri wa miaka 65 na kuendelea. Matokeo ya baada ya miaka 10, yaliyochapishwa 2014, yalionyesha kwamba waliofunzwa kufikiri kwa mantiki na waliofunzwa kuona na kuamua haraka walikuwa bado wanawazidi wenzao katika stadi hizo hizo. Kwa waliofunzwa kukumbuka, faida ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo ukifanya zoezi la hesabu utakuwa hodari wa hesabu zile. Ukitaka mtoto aelewe anachosoma, msomeshe kusoma.

Hapo ndipo nilipofunga mkoba wangu na kuchukua mkasi.

Katika mchezo wa Kawashima kuna jaribio moja lenye umri mkubwa kuliko Nintendo yenyewe katika biashara ya michezo ya video. Lilielezwa mwaka 1935 na Mmarekani aitwaye John Ridley Stroop. Unaonyeshwa jina la rangi lililoandikwa kwa wino wa rangi nyingine, na unatakiwa kutaja rangi ya wino, si neno unaloliona. Mashine ya Kawashima husikiliza sauti ya mchezaji, lakini Kiswahili haikukifahamu. Mimi nilikata boksi la biskuti nikapata kadi 24, nikachukua kalamu nne za rangi za watoto. NYEKUNDU nikaiandika kwa bluu. KIJANI nikaiandika kwa nyekundu. BLUU kwa kijani, NJANO kwa nyekundu, na kuendelea hivyo hadi boksi likaisha. Tukatandika mkeka, binti akashika simu ya kuhesabia muda, na sharti likawa kwamba ukikosea unairudia kadi ile ile.

Nilianza mimi. Hii ndiyo kazi yangu, nimeishi kwa kusoma na kuandika kwa zaidi ya miaka 20, na kadi ya nne tu ulimi ukagoma. Nilikuwa naona wino wa bluu kabisa, mdomo unasema nyekundu. Watoto walianguka kwa kicheko. Nilimaliza kwa sekunde 41. Binti yangu, ambaye ni wa kwanza darasani kwa kusoma, alikosea mara tano na kumaliza kwa sekunde 36. Mdogo wake wa chekechea alizitaja zote bila kosa hata moja. Kisha mama akavaa miwani, akazipitia kadi moja baada ya nyingine kama mtu anayechambua mchele, taratibu lakini bila kusita popote: sekunde 29.

Tulirudia mara tatu tukidhani ni bahati. Haikuwa bahati.

Sababu yake ni nzuri kuliko mchezo wenyewe. Mtu aliyezoea kusoma hawezi kujizuia asisome. Jicho likiligusa neno, kichwa kimeshalisoma kabla hajataka, na maana yake inapigania mlango mmoja na rangi. Mwanangu mdogo hajajua kusoma, kwa hiyo kwake yale ni michoro tu. Mama naye alianza na alifu na bei chuoni, Pangani, na msahafu anausoma bila kigugumizi. Herufi za Kirumi alikutana nazo akiwa msichana mkubwa, miaka ya 1970, katika madarasa ya kisomo chenye manufaa, baada ya mwaka 1970 kutangazwa nchini kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Huzisoma kwa kuamua kuzisoma, na usiku ule aliamua kutozisoma.

Sasa, je, kwa kipimo hicho ubongo wa mama ni mchanga kuliko wangu? Na kwa kipimo cha maputo, je, amezeeka ghafla? Majibu yote mawili ni upuuzi. Namba ile inapima mazoea ya mtu na kazi iliyo mbele yake, na kuyaita mazoea hayo "umri wa ubongo" ni kuwadanganya watu wazima. Kwa watoto ni vibaya zaidi, na hili nalisema kwa uchungu.

Mwezi Januari shule moja ya mtaani kwetu iliwatumia wazazi ujumbe wa kuwataka walipie programu ya kunoa ubongo, kwa maelezo kwamba itapandisha ufaulu wa hesabu. Hapakuwa na ushahidi wowote ulioambatanishwa. Baada ya wiki mbili ikawekwa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi orodha ya watoto, kuanzia mwenye ubongo "kijana" hadi mwenye ubongo "mzee". Mtoto wa jirani yangu, mwenye miaka tisa, alikuwa wa mwisho. Wenzake wakambatiza jina la Babu. Alilia asubuhi tatu mfululizo asitake kuvaa sare. Walimu waliofanya hivyo wanapaswa kumwomba radhi mtoto yule mbele ya darasa lile lile lililomcheka, na orodha za namna hiyo zisirudi tena katika shule yoyote.

Mkeka wetu ulikuwa na namba vilevile, tulishindana na sekunde zilihesabiwa. Tofauti ni kwamba aliyeaibika zaidi nilikuwa mimi, mama mwenye nyumba. Watoto wetu hutuona tukitoa amri, tukikagua madaftari, tukisahihisha. Ni mara chache wanatuona tukijaribu kitu kigumu, tukikosea, tukacheka na kujaribu tena. Binti yangu huwa anachana karatasi akikosea hesabu. Juzi amekosea, akanitazama, akasema, "Mama, leo ulimi wangu umefanya kama wako," akafuta na kuendelea.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchezaji wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Akili inayotakiwa humo ni kubwa kiasi kwamba Mholanzi Alex de Voogt alifanya umahiri wa bao kuwa mada ya shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leiden, akaikamilisha 1995. Mimi niliyezaliwa katika nyumba yenye ubao nilikuwa nikipita barazani na sinia la kahawa. Sikuwahi kuitwa kuketi. Baba hakuwa mtu mkali. Ndivyo desturi ilivyokuwa, wasichana na watoto hutazama kwa mbali, na mwanaume hashindwi mbele ya mwanawe. Nilijifunza kunamua nina miaka 38, kwa mtu baki, na baba alikuwa ameshazikwa. Namkumbuka kila ninaposikia kete zikigonga ubao, na ninatamani angenishinda hata mara moja.

Kwa hiyo sipingi Switch ya mpwa wangu. Akirudi nayo nitaipokea kwa mikono miwili, maana ilifanya jambo ambalo baraza letu halikulifanya: iliwakalisha bibi na mjukuu wa miaka mitano katika shindano moja, kila mmoja kwa ngazi yake. Ninachopinga ni kumnunulia mtoto programu, kumwachia simu chumbani na kudhani malezi yamefanyika. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza programu Dar es Salaam, Nairobi na Kampala nina ombi. Katuni za Ubongo Kids zimeonyesha tangu 2014 kwamba hesabu zinaweza kufundishwa kwa Kiswahili na watoto wakatulia mbele ya televisheni. Tutengenezeeni mchezo wa familia unaozungumza lugha hii, unaomwacha kila mtu achague ngazi yake, wenye bao na vitendawili ndani yake, na ambao hautamtajia mtu yeyote umri wa ubongo wake. Nitakuwa wa kwanza kuununua.

Wazazi, msisubiri hadi utoke. Boksi la biskuti mnalo. Kalamu zipo kwenye mikoba ya watoto. Muiteni na bibi, muiteni na babu, kaeni chini, na wa kwanza kucheza awe mtu mzima.

Mama anarudi Pangani Jumatano. Ameniomba nimfungie zile kadi 24 kwenye mkoba wake, anataka kuwajaribu wenzake aliosoma nao kisomo.