Mabomba ya Udhu na Kasi ya Intaneti



Yapo malalamiko ambayo siku hizi husikika karibu kila baraza baada ya swala ya Isha. Mtu amelipia intaneti ya mwezi mzima. Mchana inakwenda vizuri, lakini ikifika saa mbili usiku, wakati watoto wanapotaka kufuatilia darsa la tajwidi kwa video, picha inaganda na sauti inakatika. Hukumu hutolewa papo hapo: “Wanatuibia.” Neno wizi ni zito katika dini yetu, nayo Suratul Hujurat imetuamrisha kuihakiki khabari kabla ya kuitendea kazi. Kwa hiyo ni vyema familia ya Kiislamu ifahamu kwanza ni kitu gani hutokea katika waya ule au mnara ule, ndipo ipambanue baina ya msongamano wa kawaida na ghushi.

Tutazame msikiti. Msikiti wenye waumini 600 siku ya Ijumaa huenda una mabomba 12 ya udhu. Alfajiri mtu huchagua bomba alitakalo. Ijumaa dakika tano kabla ya khutba hupanga foleni. Hakuna anayesema kuwa kamati imeiba kwa kutojenga mabomba 600, kwa kuwa kila mtu anaelewa kwamba kitu cha shirika hupimwa kwa matumizi ya kawaida, si kwa siku ambayo wote wamekuja kwa pamoja. Mtoa huduma wa intaneti naye hununua uwezo wa jumla, sehemu kubwa yake ukipita katika mikongo ya baharini, kisha huwauzia wateja wengi kuliko wale ambao uwezo huo ungewatosha wote kwa mara moja. Hilo peke yake si hila. Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika katika pwani ya Afrika Kusini, sisi wa Afrika Mashariki tulionja hali ya mabomba mengi kufungwa ghafla na foleni kubaki ileile.

Ndani ya mtandao, kila kinachotumwa hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti za wateja wote hupanga foleni katika ruta moja, na foleni ikijaa, zinazozidi hutupwa. Kompyuta iliyozituma ikigundua hivyo, hupunguza mwendo na kuzituma upya. Utaratibu huu wa kupunguza mwendo uliingizwa katika intaneti mwishoni mwa miaka ya 1980, baada ya mtandao wa wakati ule kuelemewa vibaya, na bila huo tusingekuwa na intaneti ya kutumia leo. Kwenye simu, kinachogawanywa ni muda wa mawimbi ya mnara. Aliye mbali, au aliye ndani ya nyumba yenye kuta nene, hupokea polepole, na hivyo hula muda mwingi zaidi wa mnara kwa kupata kiasi kilekile alichopata jirani aliye karibu.

Lipo jambo jingine ambalo limezua dhana mbaya miongoni mwetu. Wazazi huuliza: mbona katuni za watoto zinacheza bila tatizo na mawaidha ya sheikh yanakwama? Mara nyingi jibu halihusiani na dini kabisa. Kampuni kubwa za video huweka nakala za video zinazotazamwa sana katika mitambo iliyo ndani ya nchi, pengine ndani ya jengo la mtoa huduma mwenyewe. Mawaidha yaliyowekwa kwenye tovuti ndogo yaweza kuwa yanasafiri kutoka Ulaya kila yanapofunguliwa.

Sasa tuje kwenye hukumu ya kugawa. Kugawa kuna asili katika Sunna. Zubayr (r.a.) na mtu mmoja katika Answaar waligombania mfereji wa maji huko Harra, na Mtume (s.a.w.) alielekeza kuwa Zubayr, ambaye shamba lake lilikuwa juu, anywesheze kisha amwachilie jirani yake. Palikuwa na utaratibu, na utaratibu ulisemwa hadharani, mbele ya wahusika wote wawili. Mtoa huduma anayetanguliza sauti ya simu mbele ya upakuaji wa filamu wakati wa msongamano anafanya jambo linaloelekea huko, maadamu amelisema.

Asiposema, mambo hubadilika. Mwaka 2007 huko Marekani, mteja mmoja wa kampuni ya Comcast aitwaye Robb Topolski alikuwa akigawa nyimbo za kale, ambazo haki zake za kisheria zilikwisha kitambo, kwa kutumia programu ya BitTorrent. Akaona miunganisho yake inakatika. Alipochunguza pakiti moja moja aligundua kuwa mitambo ya kampuni ilikuwa ikiingia katikati ya kompyuta mbili na kuiambia kila moja, kwa jina la mwenzake, kwamba mazungumzo yamekwisha. Shirika la habari la Associated Press lilifanya jaribio lake kwa kutuma nakala ya Biblia, nalo likapata matokeo hayohayo. Msomaji atazame vizuri palipo na ubaya. Kupunguza mwendo ni jambo moja. Kusema uongo kwa jina la mtu mwingine ni jambo jingine, na hilo halihalalishwi na msongamano wowote. Agosti 2008 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliamuru kampuni iache na iueleze utaratibu wake wazi. Aprili 2010 mahakama ya rufaa iliitengua amri hiyo kwa hoja kwamba mamlaka haikuwa na uwezo huo kisheria. Hata hivyo kampuni ilikuwa imekwishabadilisha njia: mteja aliyetumia zaidi ya asilimia 70 ya kasi yake kwa dakika 15, wakati eneo lake limejaa, pakiti zake ziliwekwa nyuma ya za wengine hadi alipopunguza, bila kujali alikuwa akituma nini. Utaratibu huo ukachapishwa.

Kwetu sisi mgogoro uko zaidi katika maneno mawili ya tangazo: “bila kikomo.” Yameandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ambazo mzee hazioni hata akivaa miwani, “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Ndani ya vigezo hivyo ndimo mlimoandikwa kuwa ukifikia kiasi fulani cha GB, kasi itashushwa. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni na kukuta unyevu chini, alimhoji muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Nionavyo mimi, kikomo cha kasi ni unyevu wa namna hiyo. Mwenye kulipia ana haki ya kuuliza kabla ya kusaini: kasi itashuka baada ya GB ngapi, itashuka hadi ngapi, na neno “hadi” lililo kabla ya Mbps 20 lina maana gani saa tatu usiku? Majibu ayatake kwa maandishi. Akiisha kujibiwa na akakubali, basi alitimize sharti lake bila ya kunung’unika.

Suala hili limetufika hata sisi kwenye kamati. Waya mmoja unahudumia ofisi, madrasa na bweni la vijana, na mjumbe mmoja alipendekeza bweni lipunguziwe kasi kimyakimya kupitia ruta, vijana wadhani ni tatizo la kampuni. Nililipinga pendekezo hilo, na baada ya mabishano marefu wajumbe walikubali. Hivi sasa madrasa inatangulizwa kuanzia Alasiri hadi Isha, bweni linapata kasi yote kuanzia saa nne usiku, na karatasi ya ratiba imebandikwa mlangoni kwao. Vijana wameleta barua wakiomba Jumamosi iangaliwe upya. Itajadiliwa kikao kijacho, inshaallah.