Pua zetu nazo zipimwe

Shangazi yangu huuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Kabla hajamlipa mfugaji, hufungua jerikeni, huinama, hunusa mara moja, basi. Hana mashine nyingine. Mwaka wa 2021, baada ya homa iliyomlaza wiki nzima, pua hiyo ilizima. Akanunua maziwa yaliyoharibika (sisemi susa, ile tunayochachusha kwa makusudi), akayachanganya na mazuri, na mzigo wote ukakataliwa Nairobi. Alipoenda kutibiwa aliambiwa, "Mama, itarudi yenyewe." Hakupimwa, manake hakukuwa na cha kumpimia.

Wengi wetu huchukulia kunusa kama anasa, ati ni mambo ya wauza manukato. Lakini gesi ya kupikia haina harufu yake. Hutiwa kemikali inayonuka ili ikivuja tujue. Kwa asiyenusa, onyo hilo ni bure. Tena uwezo wa kunusa unaweza kupungua miaka kadhaa kabla mgonjwa wa Parkinson hajaanza kutetemeka mikono. Tusitishane lakini: mara nyingi chanzo ni mafua, Covid au vinyama vya puani. Ila utajuaje bila kupimwa?

Vipimo vipo. Kile maarufu cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilichobuniwa miaka ya 1980, ni vijitabu vyenye harufu 40. Unakwaruza ukurasa, unanusa, unachagua jina moja kati ya manne. Humo mna pizza, matango ya siki na soda iitwayo root beer. Sasa mkalishe mzee wa Bulla Pesa umuulize kuhusu root beer! Akikosa, utasema pua ndiyo mbovu? Halafu kijitabu ni cha mtu mmoja, ukimaliza unatupa.

Sisi tuna kahawa, karafuu, iliki, limau, ubani na ule moshi wa vibuyu vya maziwa. Vichupa vitano vyenye vifuniko, macho yafumbwe, majina manne yasomwe kwa sauti kwa Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kimeru au Kiswahili, kwa sababu si kila mtu anasoma. Gharama kubwa si vichupa, ni kazi ya kukijaribu kipimo chenyewe. Mtaa huu una watu wa kila aina, na ubani unaojulikana nyumba hii huenda ni mgeni nyumba ya pili. Kwa hivyo kianze kwa watu wenye pua nzima wa kila jamii. Harufu wanayoikosa hao itolewe. Vichupa pia vibadilishwe mara kwa mara, harufu huisha.

Na jameni, tuache kupimana kwa dawa ya kuchua yenye mentholi. Ule ubaridi na muwasho hupita kwenye mshipa mwingine wa fahamu, si ule wa kunusa. Mtu asiyenusa chochote atakwambia "naam, naisikia", mkaridhika wote wawili.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 na mikoba yao, mna kipimo cha presha na cha sukari. Wanaingia nyumba hizi hizi. Idara ya afya ya kaunti ikikaa na watafiti wa vyuo vyetu, vichupa vitano vitashindwa kuenea mkobani kweli?

Shangazi siku hizi hunusa karafuu na limau asubuhi na jioni. Mazoezi ya aina hiyo yalijaribiwa Ujerumani na Thomas Hummel na wenzake, waliochapisha matokeo mwaka wa 2009; wao walitumia pia waridi na mkaratusi, na baadhi ya wagonjwa walipata nafuu. Yeye karafuu ameanza kuipata kidogo, maziwa bado. Jerikeni za alfajiri hunuswa na binti yake wa Gredi ya 7, kabla hajavaa sare za shule.